Hapana Moja Yatosha

Sikitu alivaa visikizi akaendelea pale alipoishia. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Mbele yake Kikusanyasauti, mnara wa vioo wenye kimo cha ghorofa tatu, kilinguruma taratibu kikimtolea sauti za wakazi wa Mji wa Kuba, moja baada ya nyingine, bila majina.

Wanamapinduzi walikiunda ili asitokee tena mtawala. Kila mtu mzima huenda kwenye pembe ya kusemea ya mtaa wake, husema ndiyo au hapana, na umma huwa umeamua. Mzee Lubuva, aliyemfundisha Sikitu ufundi, ndiye aliyeongeza sharti moja: hapana moja yatosha kusimamisha hukumu mpaka shauri lijadiliwe upya.

Sasa aliyehukumiwa ni Lubuva mwenyewe. Alikuwa amesema hadharani kwamba mapinduzi yasiyoulizwa maswali yamekwisha kuwa ufalme. Kikusanyasauti kilijibu: sauti elfu arobaini, zote ndiyo. Ijumaa angetolewa nje ya kuba lililofunika mji, kusiko na hewa. Kabla ya hapo, fundi aliruhusiwa kuzisikiliza upya kwa masikio yake, lakini si kubadilisha hata moja.

“Bado unamtafuta tu aliyesema hapana?” aliuliza Chogo, fundi mwenzake, akitafuna muhogo.

“Mashine imekosea, Ndugu Chogo. Haiwezekani akosekane hata mmoja.”

“Mashine ikosee? Haina mke, haina watoto. Itaogopa nini?”

Sikitu alivua visikizi. “Wewe ulisema nini?”

“Ndiyo.” Chogo alifuta vidole kwenye suruali. “Nilijua mkaidi mmoja hakosekani, na mmoja anatosha. Kwa nini niwe mimi? Tena nilijua wewe upo. Mzee alikulea kama mwanawe.”

Sikitu aliviweka visikizi mezani.

“Dada Sikitu?”

“Nilikutegemea wewe,” alisema. “Kwa mdomo wako huo.”

Chogo alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatika. Mashine ilikuwa ingali inatoa sauti. Zilisikika kwa mbali ndani ya visikizi vilivyolala mezani, za wazee kwa vijana, kila mmoja akiwa amemwachia jirani yake neno lile.

King'ora cha kufunga kazi kililia.

“Zimebaki ngapi?” aliuliza Chogo.

“Elfu kumi na moja.”

“Na leo ni Jumatano.”

Sikitu aliandika namba aliyofikia kwenye ubao, akazima mashine. “Kesho nitaanza mapema,” alisema.