Picha za Olive

Haya yalimpata jirani yangu Médiatrice, Mrundi, mwaka 2011, tulipokuwa tumepanga vyumba katika nyumba moja pale Troyeville, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika. Mengine alinisimulia mwenyewe. Mengine niliyaona kwa macho yangu, na hayo ndiyo yanayonisumbua.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Julai, baridi kavu, jua kali lisilo na joto. Médiatrice alikuja mlangoni kwangu na mfuko begani, akaniomba nimsindikize mtaa wa Mayfair. Laptop ya mumewe ilikuwa inatoa mlio. Mumewe, Herménégilde, alikuwa mlinzi kwenye maegesho ya magari na hakupata nafasi, na mimi ndiye niliyemjua fundi: Luqman, mtu wa Tanga, mwenye kibanda nyuma ya duka la vitambaa la Wasomali.

Luqman aliiwasha, akainamisha sikio. Tik. Tik. Kimya. Tik.

"Ni hadi diski hii, inayotunza picha na mafaili yenu," alisema. "Inaweza kufa kesho, inaweza kukaa mwaka mzima. Mimi ningeibadilisha leo, nikahamishia vitu vyenu kwenye mpya. Ikishakufa, siwaahidi kitu. Kuna nini humu cha maana?"

Médiatrice akasema hajui. Luqman akafungua folda moja iliyoandikwa Olive.

Olive alikuwa mke wa kwanza wa Herménégilde. Olive alifariki wakati binti yao, Joséline, ana miezi kumi. Sasa mtoto alikuwa na miaka minane, na mama yake alikuwa amebaki humo tu. Picha mia sita na ushee. Olive na gauni la kanisani. Olive akimenya ndizi. Olive kaketi kitandani, kamwinamia mtoto mapajani, anamtazama. Katika nyingi Herménégilde yumo, anacheka mdomo wazi. Mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka miwili sikuwahi kumsikia akicheka.

Folda ya Médiatrice ilikuwa na picha kumi na nne.

Nilimwona akizitazama zile namba mbili, moja kisha nyingine.

"Iache kwanza," alimwambia Luqman. "Nitamuuliza mume wangu."

Njiani, tukiwa tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, akaniuliza bila kunitazama, "Dada Biubwa, nikimwambia fundi kasema ni vumbi tu?"

Ningemkataza. Lakini nami nina mke mwenzangu Unguja, ambaye mume wangu humpigia simu kila Ijumaa akiwa amevaa vizuri, utadhani anaonekana. Nilijua kinachomchoma Médiatrice kifuani. Nikanyamaza. Robot ikawaka kijani, tukavuka.

Mumewe aliamini. Tangu siku ile Médiatrice akawa anaiwasha kila mchana, mume yuko kazini na mtoto shuleni. Anakaa kitandani, anafungua picha za Olive moja moja, anangoja diski ife mbele yake. "Nataka niione inavyomalizika," aliniambia. Alishazijua kwa mpangilio. Alijua gauni lipi Olive alilivaa mara mbili, na siku gani Herménégilde alimvalisha hereni kwa mkono wake. Siku moja alisuka nywele kama za Olive, na kabla mumewe hajarudi akawa ameshazifumua. Alianza kukonda.

Alhamisi ya wiki ya pili akaniita.

"Dada, njoo. Funga mlango."

Nikaufunga kwa ufunguo, nikaketi kando yake kitandani. Alifungua folda yake. Picha ya ndoa yao ilikuwa ya kijivu kuanzia shingoni kwake kwenda chini. Jana, alisema, ilikuwa nzima. Ya pili haikufunguka. Ya tatu vilevile. Zote kumi na nne.

"Na zake?" nikanong'ona.

Za Olive zilifunguka zote, haraka, safi. Akafika ile ya kitandani. Kidole chake kikasimama.

"Uliiona kwa Luqman," alisema. "Alikuwa anatazama nini?"

"Mtoto."

"Na sasa?"

Mtoto alikuwa palepale mapajani. Olive alikuwa ameinua uso. Alikuwa anatutazama sisi.

Médiatrice akaizima. Skrini ikawa nyeusi. Tik. Akachomoa waya. Tik. Akaigeuza, akatoa betri, akaiweka mbali, upande wa pili wa kitanda. Dakika nzima ikapita.

Tik.

Tuliizungushia blanketi, tukaifungia kabatini. Saa nane na nusu Joséline akarudi kutoka shule. Kirundi mtoto yule alikuwa anakisikia tu. Kujibu, alijibu kwa Kiingereza au Kizulu, mpaka baba yake alishachoka kumsahihisha. Siku ile alipita mbele yetu bila salamu. Akakaa chini, mgongo kwenye mlango wa kabati. Akaanza kuongea Kirundi. Polepole. Ananyamaza kama anayesikiliza. Kisha anaendelea.

Médiatrice akanishika mkono, kucha zikaniingia.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasema, 'Ndiyo, mama.'" Akasikiliza tena. "Anauliza, 'Ni huyu aliyekuzuia kuhama, au ni yule mwingine?'"

Mtoto akageuka. Akamtazama yeye. Akanitazama mimi. Kama anayechagua.

Kesho yake tulikuwa Mayfair kabla Luqman hajafungua.

"Hamisha vyote," Médiatrice alimwambia. "Usiache hata kimoja."

Luqman alianza saa tatu. Adhana ya alasiri ilipolia ndiyo kwanza alikuwa anamaliza. Picha za Olive zilitoka zote. Za Médiatrice haikupona hata moja, na ile diski ya zamani ikanyamaza moja kwa moja. Luqman aliigeuzageuza mkononi. Alisema ameshaona diski nyingi zikifa, lakini hajaona inayochagua.

Jioni ile Médiatrice alimweleza mumewe ukweli wote. Niliwasikia kupitia ukutani. Herménégilde hakumgombeza. Alilia, akamshukuru kwa kumwokolea Olive, akalitaja jina hilo mara nyingi.

Mwezi wa Septemba akahamia kwa dada yake, La Rochelle, mtaa mwingine wa mji uleule. Nilipokwenda kumtembelea nilimuuliza kama bado anaogopa.

"Hofu imenitoka, dada," alisema. "Wivu bado."

Joséline alirudia Kiingereza chake na Kizulu. Nilipomuuliza kuhusu siku ile ya kabatini, alinishangaa. Sikumuuliza tena.

Disemba, siku moja mchana, Herménégilde alinigongea mlango, laptop ikiwa wazi mikononi mwake.

"Bi Biubwa," alisema, "picha hii nani aliipiga?"

Ilikuwa ya mwisho kabisa katika folda ya Olive. Tarehe, Alhamisi ile. Mchana ule. Wanawake wawili wameketi kitandani, wamepigwa picha kwa nyuma, kutoka upande ambao kitanda kimeegemea ukuta. Mmoja alikuwa Médiatrice. Mwingine alikuwa mimi. Laptop ile haikuwa na kamera, na simu zetu zilikuwa za tochi tu.

Nilimwambia sijui. Akaondoka nayo. Lakini nilikuwa nimeshaitazama vya kutosha, na nilichokiona sikumwambia. Begani kwangu, upande wa kushoto, sweta limebonyea kama linavyobonyea mtu anapowekewa mkono.

Mkono haupo.