Sifuri ya Jumanne

Kila asubuhi kabla ya kengele, Kidoti alipita nyuma ya jiko la shule kusoma kipimo cha mvua, kisha akakimbilia ofisini kuandika tarakimu kwenye kompyuta pekee ya shule. Shule zote za kando ya mto ziliandika kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni. Wa bondeni, wakiona mvua kubwa mlimani, walihamisha miche yao kutoka ukingoni kabla mto haujajaa. Shule ya Kidoti, iliyokuwa mlimani, haikuwahi kuacha pengo. Alijivunia hilo kuliko alama zake za hisabati, ambazo, tuseme ukweli, hazikuwa za kujivunia.

Siku ya Jumanne, Kidoti alikuta mbuzi wa mpishi amekiangusha kipimo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ardhi imelowa chepechepe, lakini ndani ya kipimo hamkuwa na tone.

"Andika hakikupimwa," alisema Miwani, rafiki yake.

"Tuonekane wazembe? Kipimo kitupu, si ndiyo sifuri hiyo? Sijadanganya mtu mimi."

Akaandika sifuri.

Bondeni hakukunyesha. Wanafunzi wa huko waliiona sifuri, wakaiacha miche palepale. Walikuwa wameilea tangu kiangazi, wakiimwagilia kwa ndoo. Jioni mto ulifurika, ukaizoa yote.

Kesho yake, chini ya sifuri palikuwa na ujumbe: "Ndugu zetu wa juu, tuliwaamini."

Kidoti alilia. Akamfuata mwalimu wa jiografia, akamweleza yote.

"Mwalimu, niifute?"

"Hatufuti. Tunasahihisha, na waone tumesahihisha."

Wakaandika: hakikupimwa, kipimo kiliangushwa, mvua kubwa usiku. Wakaomba radhi. Hawakujibiwa.

"Basi tuwapelekee miche yetu," alisema Kidoti.

"Miche ipi, mwanangu? Hatuna. Na msimu wa kupanda unaisha."

Kipimo kilizungushiwa uzio, na mbuzi akafungwa kamba. Tarakimu zikawa sahihi kila siku. Lakini habari zikaja kwamba shule ya bondeni haifungui tena ukurasa. Inamtuma mtoto ukingoni akautazame mto kwa macho yake.

Kidoti aliposikia hivyo, aliinamisha kichwa juu ya kompyuta.

"Maji yakimwagika hayazoleki," mwalimu alimwambia taratibu. "Ungesema hujui, wangejihadhari. Sifuri yako iliwaambia walale salama. Sasa andika ya leo, tena iandike vizuri, hata kama hakuna anayeisoma."