Utingo wa Ghuba ya Dollard

Jua lilikuwa linazama Ambrose Keough alipoingia dukani kwa Bride Hanrahan kununua mkate na samaki wa chumvi. Alikaa dakika kumi, na zote alizitumia kudharau watu.

Mwezi wa kumi ulikuwa ukingoni. Watalii walishakimbilia kwao, na pwani ya kusini ya Newfoundland ilibaki na upepo, ukungu na watu wabishi. Katika wabishi hao Ambrose alikuwa na digrii. Alikuwa mstaafu wa greda, miaka thelathini na mitano ya kukwangua barabara za serikali, na sasa alikuwa na gari-nyumba la mita tisa: kitanda, jiko, choo, na yeye usukanini kama sultani. Nimejua madereva wengi wa kujisifu, na mwenyewe si haba. Lakini huyu alikuwa akijisifu hata akilala.

"Mnalala wapi?" Bride akauliza.

"Machimbo ya kokoto, Ghuba ya Dollard. Bure kabisa, na bahari dirishani."

Bride akaacha kufunga samaki. "Basi ingia kwa mbele, kaka. Pua ielekee baharini. Pale watu hawarudi kinyumenyume."

"Kisa?"

"Utapata msaidizi."

Ambrose akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Msaidizi! Umesikia, Philomena? Bora nimpate, maana utingo niliye naye hajui kushoto wala kulia!"

Philomena, mkewe, aliokota kofia. Hakucheka. Miaka thelathini na moja ya ndoa, gari likitaka kurudi nyuma, ni yeye anayeshuka. Mvua yake, theluji yake. Anasimama nyuma na tochi, anaonyesha njia, na akimaliza kuonyesha anatukanwa.

Wakafika machimboni mwanga ukiwa umebaki kidogo kama chai ya mwisho wa birika. Pale zamani palikuwa na kijiji. Watu walihamishwa, ikabaki misingi ya mawe na makaburi. Baada ya kokoto, ukingo. Chini ya ukingo, bahari inabamiza mwamba... inavuta pumzi... inabamiza tena.

Kitanda cha gari kilikuwa nyuma, na Ambrose alitaka kuamka aone mawimbi bila kuinua kichwa.

"Shuka, utingo."

"Ambrose, yule mama amesema..."

"Yule mama anauza mkate. Mimi nimerudisha greda kwenye korongo nikiwa na homa. Shuka!"

Akashuka. Upepo ukamfungia mlango. Pwaa!

Ambrose akaingiza rivasi, akatazama kioo cha pembeni. Mvua. Giza. Akasubiri huku akisonya.

Kisha taa ikatokea.

Ilikuwa ndogo, ya manjano, iko chini usawa wa goti. Ikayumba polepole, kama mtu anayeita mtoto asimtishe.

Njoo...

Akarudi. Taa ikaenda kushoto, naye akakata kushoto. Ikatulia, akanyoosha. Hapakuwa na kelele, wala ile "ngoja, ngoja, nimesema ngoja!" ya kila siku. Alikuwa hajawahi kuongozwa vizuri namna ile maisha yake yote.

"Lo! Mama Gerard!" akamwita mkewe kwa sauti. "Leo umefundishwa na nani?"

Njoo... njoo...

Ndipo harufu ikaingia. Vioo vimefungwa vyote, lakini iliingia. Mafuta ya ini la samaki, yanaungua. Na sufu iliyolowa.

Tochi ya Philomena ilikuwa nyeupe. Ambrose alijua, aliinunua yeye, na kwa wiki nzima akamwambia mkewe ni tochi nzuri kupita anayeishika. Alijua, lakini mguu haukutoka kwenye pedeli ya mafuta. Mtu wa dharau huidharau hata hofu yake.

Njoo...

Pa! Pa! Pa!

Kofi kwenye bodi, ubavuni kwake.

Akageuza shingo. Philomena alikuwa dirishani, nywele zimemganda usoni, tochi mkononi imezimwa.

"Simama," akasema. Alinong'ona tu, na upepo ule wote haukuweza kumeza neno lile.

Ambrose akakanyaga breki. Akatazama kioo.

Taa ilikuwa bado pale. Inaita.

Gari likainama kwa nyuma. Kokoto zikaanza kuporomoka. Alizisikia zikianguka... hakuzisikia zikifika.

Akaingiza gia ya kwanza. Magurudumu yakazunguka palepale. Ambrose akamwita Mama wa Mungu, ambaye hakuwa amemsalimu tangu kipaimara. Tairi likakamata, gari likaruka mbele kama mbuzi aliyechomwa mwiba. Na suruali ya sultani ikalowa, choo kikiwa hatua nne nyuma yake.

Wakarudi kwa Bride. Aliwapa chai, wala hakuuliza kilichowapata.

"Ni Leander Dollard," akasema. "Enzi za babu yangu alikuwa anaita mashua kwa kandili, ukungu ukishuka. Alikuwa na kigugumizi. Wanaume walikuwa wanamwiga, kila jioni, wakishuka tu mashuani. Wanamwiga, wanacheka. Jioni moja ya mwezi huu akawaita mashua mbili, watu saba. Akawapeleka moja kwa moja mwambani."

"Alikosea?" Ambrose akauliza.

"Wengine wanasema alikosea. Wengine wanasema alichoka."

"Na yeye?"

"Hakuonekana tena. Kandili pia."

Wakalala uani kwa Bride, ndani ya gari, upepo ukilitikisa kama jino bovu. Ambrose alikaa kitandani na blanketi mabegani. Jambo moja lilikuwa linamkwaruza.

"Philomena. Nimerudi nyuma hatua arobaini. Ulikuwa wapi?"

Mkewe alikuwa anakausha nywele. "Pale."

"Pale wapi?"

"Kando yake."

Ambrose akavuta blanketi mpaka shingoni.

"Ana mikono mikubwa," Philomena akasema. "Aligeuka, akaniuliza. Maneno yalimpa tabu kutoka, masikini. Akasema, 'Huyu... huyu wako... nimlete, au nimwache?'"

Nje kitu kiligonga bati mara moja, kikanyamaza.

"Sasa wewe..." Ambrose akauliza. "Wewe ukamjibu nini?"

Philomena akakunja taulo mara mbili, akalitundika, akalinyoosha vizuri.

"Nilifikiri kwanza."

"Hatua arobaini?"

"Nikamwambia usiku wa leo akuache." Akajilaza, akamgeuzia mgongo. "Akasema sawa. Hana haraka."

Akanyoosha mkono, akazima taa.