Programu ya Kubeti Iliyong'aa Upande Mmoja

Kitendawili: anaachama kutwa nzima, wala haombi chakula. Ukisema ni kiatu kibovu, basi umeshafika kibandani kwa Kocha.

Kocha alikuwa fundi viatu. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu alipenda mpira kupita kiasi. Mdomo wake ulipanga timu, mikono yake ilishona soli. Na kwa kushona hakuwa na mpinzani. Kiatu alichokishona kilichakaa juu, soli ikabaki palepale.

Lakini alishona kwa mkono. Uzi ulimkata vidole mpaka vikapasuka. Kwa hiyo yeye na mkewe walikuwa wakidunduliza pesa za kununua cherehani ya viatu. Waliziweka kwenye simu yake. Zilikuwa zimefika nusu.

Asubuhi moja kinyozi wa kibanda cha pili alikuja na simu mkononi.

"Kocha, na akili yako yote ya mpira, unakaa tu kushona?"

"Nifanye nini, nikunyoe?"

"Ubeti! Unabashiri nani atashinda, unaweka pesa. Ukipatia, unalipwa zaidi. Nimekutumia linki ya programu. Ukiweka pesa leo, wanakuongezea nyingine kama hizo. Bonasi hiyo!"

Kocha akafungua linki. Programu ikaingia kwenye simu. Lo, ilipendeza! Ilikuwa na rangi za timu yake. Ilikuwa na nyota tano, na muhuri wa leseni uliozunguka kama feni.

Mkewe alipomletea chai, Kocha hakungoja hata aweke kikombe chini.

"Mama Watoto, cherehani tunaipata mwezi huu!"

Akamweleza yote. Mkewe akasikiliza mpaka mwisho.

"Unataka kuweka pesa zote za cherehani?"

"Zote. Mpira naujua."

"Mpira unaujua. Hao watu je, unawajua?"

Kocha akajikuna kichwa.

"Pesa ni zetu sote," mkewe akasema. "Kabla hujatuma, twende kwa Bi Kalamu."

Bi Kalamu alikuwa wakala wa pesa za simu. Dirisha lake lilikuwa upande wa pili wa barabara. Walimwita hivyo kwa sababu kalamu haikumtoka sikioni. Mama huyo alikuwa na moyo wa pekee. Mtu akikosea namba mara tatu, hakumcheka. Asiyejua kusoma, alimsomea polepole, na siri yake haikutoka pale dirishani. Wakala wa jirani alikaa bila mteja, lakini watu walipanga foleni kwa Bi Kalamu wala hawakulalamika.

Zamu yao ilipofika, Kocha akamwonyesha ile programu. Bi Kalamu akaitazama kidogo.

"Kocha, ukinunua ngozi dukani, unatazama upande gani?"

"Wa nyuma. Kwa mbele zote zinang'aa."

"Haya, na hii tuigeuze. Umeipata wapi?"

"Kwenye linki ya kinyozi."

"Kwa hiyo haikutoka kwenye duka la programu la simu yako. Hapo pana walakini. Pesa unazituma kwa nani?"

Kocha akabonyeza. Ikatokea namba ya simu. Bi Kalamu akamwambia aanze kutuma, lakini asiweke namba ya siri. Jina la mpokeaji likaonekana.

"Soma hapo."

Kocha akasoma, kidole kikifuata herufi. "Mbona hili ni jina la mtu?"

"Kampuni nzima ina jina la mtu?" mkewe akashangaa.

"Kampuni halali hupokea pesa kwa jina la kampuni," Bi Kalamu akasema. "Ghairi."

Kocha akaghairi upesi, kama aliyegusa pasi ya moto.

"Sasa tegueni kitendawili," Bi Kalamu akasema. "Mgeni wangu hajakaa, ameshaomba funguo za kabati."

"Wifi yangu!" mkewe akadakia.

"Mwache dada yangu," Kocha akasema. Wote wakacheka, na foleni nayo ikacheka.

"Ni hii programu," Bi Kalamu akaendelea. "Tazama, inaomba isome ujumbe wako wote. Ya mpira inataka nini kwenye ujumbe wako? Humo ndimo zinamoingia namba za kuthibitisha. Mtu akizipata, anaweza kukuibia hata hujabeti."

"Na leseni je? Muhuri huo hapo!"

"Muhuri wamejichorea. Leseni inatolewa na mamlaka ya serikali inayosimamia michezo ya kubahatisha. Orodha yao iko wazi kwa kila mtu."

Akafungua tovuti ya mamlaka. Wakaipitia orodha pamoja, jina moja baada ya jingine. Ile programu haikuwamo.

Kocha akaifuta palepale. Uso ulimshuka.

"Nusura niwape pesa zetu kwa mikono yangu mwenyewe."

"Lakini hukuwapa," Bi Kalamu akasema. "Umekuja kuuliza. Wengi huja kwangu wakiwa wameshatuma."

Kocha akafikiri, akainua kichwa. "Basi nichague iliyo halali. Nibeti huko nipate cherehani."

Bi Kalamu akaitoa kalamu sikioni, akaiweka mezani. Hiyo ilikuwa dalili kwamba ana neno zito.

"Zilizo halali zipo kwenye orodha. Ukichagua, soma masharti kwanza. Pesa inatokaje? Bonasi yao inataka ubeti mara ngapi kabla hujaigusa? Inakuruhusu kujiwekea kikomo, na hata kujifungia ukitaka kuacha? Isiyokuruhusu, achana nayo. Lakini Kocha, leseni maana yake ukishinda watakulipa. Haisemi kwamba utashinda. Mchezo wenyewe umepangwa ili kampuni ibaki na faida. Miaka kumi nipo dirishani hapa. Wanaokuja kuweka pesa za kubeti siwamalizi kuwahesabu. Wanaokuja kutoa walizoshinda, nawajua kwa sura."

"Hata wanaoujua mpira?"

"Hao ndio wako mbele kwenye foleni."

Kocha akageuka, akaitazama foleni.

Mkewe ndiye aliyekata shauri. "Pesa za cherehani tuzihamishie kwenye akiba iliyofungwa mpaka tarehe tunayoitaka. Ukitaka kubeti, ubeti kwa bei ya soda moja kwa wiki. Ikiliwa, tuseme umekunywa soda."

"Sawa," Kocha akasema. "Moja tu."

Alichagua mwenyewe, na alichagua kama fundi. Alisoma masharti alasiri mbili nzima. Programu ya kwanza ilikuwa halali, lakini bonasi yake ilikuwa na masharti marefu kama uzi. Akaikataa. Ya pili aliichukua, akajiwekea kikomo cha soda moja.

Wiki ya tatu alitaka kubeti tena katikati ya mechi. Programu ikakataa.

"Aa! Inanifukuza kama mtoto!"

"Si umeituma wewe ikukataze?" mkewe akamjibu.

Kocha akacheka, akarudi kwenye soli yake. Soda zote tatu zilikuwa zimeliwa. Mwezi ulipoisha alibonyeza pale pa kujifungia, akaacha kabisa.

Kinyozi naye alikuja siku moja akiwa mnyonge. Ile programu ya linki ilimwonyesha kwamba ameshinda. Lakini kila akiomba pesa yake, aliambiwa atume kwanza ada. Alikuwa ameshatuma mara mbili. Kocha hakumsimanga. Alimshika mkono mpaka kwa Bi Kalamu. Mama yule akamsaidia kufuta programu, kubadili namba ya siri na kuipigia kampuni ya simu. Kisha akamwandikia zile namba zilizopokea pesa, ili apeleke polisi.

Akiba waliyoendelea kuijaza ilifunguka kwa tarehe yake, ikiwa imetimia. Cherehani ikaja juu ya mkokoteni, na mkewe akaisindikiza barabara nzima kama bibi harusi. Viatu vya kushonwa siku mbili vikawa vinaisha kabla ya chakula cha mchana. Vidole vya Kocha vikapona.

Jumapili moja palikuwa na mechi kubwa. Kibanda cha kinyozi kilijaa watu. Ghafla kelele zikalipuka, watu wakarukaruka mpaka barabarani. Kocha akasimamisha cherehani, akachungulia.

"Kwani nani amefunga?"

"Jamani!" kinyozi akapiga makofi. "Kocha mzima anauliza nani amefunga!"

"Nimalizie kiatu hiki," Kocha akasema, mguu ukirudi kwenye cherehani. "Utanihadithia."