Makofi Mawili ya Gordon

Ndege ilikuwa juu ya milima ya Nandi, dakika kumi tangu itoke Kisumu, mtu alipoupiga mlango makofi mawili kutoka nje. Pa, pa.

Rehma, mhudumu wa ndege, alishika toroli ya chai asianguke. Aliyajua makofi hayo. Gordon wa Dunga, aliyeondoa vizuizi vya magurudumu, alikuwa na desturi yake: akimaliza na kutoka chini ya ndege, huupiga mlango mara mbili, ndipo Rehma amwambie Kapteni Obeid waondoke. Lakini Gordon alizikwa wiki tatu zilizopita.

Siku aliyokufa, walikuwa wamechelewa. Kapteni aliuliza, "Tayari?" Rehma hakuwa amesikia hata kofi moja, akajibu, "Tayari." Gurudumu likampitia Gordon.

Baadaye kapteni alimwekea karatasi mezani. "Andika uliskia. Mimi pia nimeandika hivyo. Ama unataka sisi wote tufutwe kazi?"

Akaandika. Ikawa Gordon aliupiga mlango kisha akarudi chini ya ndege, akajiponza kwa uzembe wake mwenyewe, na mjane wake, Seline, akaambiwa hayo mbele ya watoto. Hata mchawi angeona haya.

Makofi yalimfuata Rehma hadi nyumbani, Migosi. Yalilia kwenye mlango wa bafu akipiga mswaki, akafungua, hakuna mtu, ila harufu ya mafuta ya ndege na dagaa wa omena, harufu ya ovaroli ya Gordon, ikaingia jikoni, ikakaa kwenye wali, ikamsubiri kwenye mto, na makofi yakahama kutoka mlangoni hadi kabatini, kutoka kabatini hadi ubao wa kitanda, yakimkaribia kila siku, mpaka adhuhuri moja yakalia ndani ya kifua chake, pa, pa, akaogopa hata kupumua.

Shangazi yake, Khadijah, akamleta Ustadh Mukhtar, msomeaji wa wenye majini. Ubani ukafuka, kisomo kikaanza. Pa, pa! Meza ikaruka. Ustadh akakatiza kisomo.

"Binti yangu," akanong'ona, "huyu ni jini aliyeishi na marehemu. Nimefukuza wengi waliokuja bila kuitwa. Huyu umemwita wewe. Ulisema umesikia makofi ambayo hayakupigwa?"

"Niliandika, Ustadh."

"Basi kaandike ukweli. Mimi sina dawa."

Jumatatu asubuhi alimkuta Kapteni Obeid ofisini akinywa chai. Rehma aliomba karatasi mpya.

"Usijaribu," kapteni alisema chini chini. "Watakufuta."

"Wanifute." Akaandika: Sikusikia kofi lolote. Nilisema tayari. Gordon hana kosa. "Na wewe, Kapteni?"

"Yangu haibadiliki."

Rehma akaweka sahihi. Harufu ikamtoka puani, kifua kikatulia, akalia kwa aibu na kwa nafuu.

Kapteni alikuwa ameshusha kikombe. Aligeuka polepole kuangalia kabati la mafaili nyuma yake, jasho likimtiririka.

"Rehma," alinong'ona, "umeskia hiyo?"

"Mimi sijaskia kitu, Kapteni."