Mgeni wa Mheshimiwa Twalibu

Najiat alikuwa ameinama juu ya robota la kitambaa cha neti, soko kuu la Tabora, akibishana bei na Mwarabu wa duka, pale mtu alipompiga kikumbo mgongoni. Akageuka na maneno makali yakiwa tayari mdomoni. Yakamkauka hapohapo. Aliyemgonga alikuwa Twalibu, ndani ya kaunda suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, na nyuma yake kundi la wapambe likisukumana kila mmoja aonekane karibu naye. Bunge lilikuwa limevunjwa wiki ileile, na waheshimiwa walikuwa wamerudi majimboni kuwakumbuka watu waliowasahau.

"Najiat," akasema.

"Mheshimiwa."

"Jamani! Mimi Mheshimiwa kwako? Niite Twalibu."

"Twalibu alifia Dodoma. Arobaini yake tumeshaisoma."

Wauza asali wa pembeni wakaacha kugombania wateja, wakategesha masikio. Twalibu akamtazama: baibui la kijani lililodariziwa mikononi, mtandio wa rangi ya machungwa, hina mbichi vidoleni. Miaka mitano haikumpunguzia kitu.

"Umependeza."

"Najua."

"Naomba tuongee. Kidogo tu, tafadhali."

"Tutaongea sana tu. Kesho nakwenda ofisi ya chama."

"Kufanya nini?"

"Kuchukua fomu ya ubunge," Najiat akasema, akainyanyua sauti ili wapambe nao wasipate shida ya kusikia. "Nakitaka kiti chako."

Mama mmoja muuza asali akapiga kigelegele, hata hakujua anamshangilia nani. Najiat akachukua neti yake, akapanda bajaji, akaenda zake. Hakugeuka nyuma mpaka Gongoni, dukani kwake.

Usije ukadhani alikuwa mwanamke mwenye uchu wa madaraka. Huyu alikuwa mpambaji wa harusi. Wazee wake walikuja na misafara ya pwani enzi hizo, wakaipenda Tabora, wakabaki, na yeye amezaliwa hapo na amewapambia ukumbi karibu mabinti wote wa mji. Twalibu alikuwa Mnyamwezi, mwalimu wa jiografia. Mbele ya wanafunzi alinguruma. Mbele ya watu wazima magoti yalimgongana. Alipoamua kugombea kwa mara ya kwanza, Najiat ndiye aliyemfundisha kusema. Kila alipomaliza kupamba ukumbi, mchana, kabla wageni hawajafika, Twalibu alisimama jukwaani kwa maharusi na kuvihutubia viti vitupu vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Najiat alikaa safu ya mwisho.

"Sikusikii, Mheshimiwa! Huku nyuma kuna bibi kizee hasikii kitu!"

"Bibi kizee mwenyewe mzuri hivyo, nitahutubiaje?"

"Hutubia! Posa baadaye."

Ndivyo walivyopendana, na walipendana haswa. Kampeni zilipompeleka vijijini alimpigia simu kila jioni.

"Laazizi, umelala?"

"Nimelala."

"Aliyelala anapokea simu?"

"Anayependwa na wewe atalala saa ngapi?"

Wakakubaliana kwamba akishaapa tu, wazee wake wataleta posa. Mtaa mzima ukajua. Najiat mwenyewe ndiye aliyetangaza, maana furaha ilimzidi.

Twalibu akashinda. Kisha ikaja siku ile. Televisheni ilikuwa inawaka dukani kwake, wateja wamejaa, na bungeni maswali yalikuwa yamekwisha. Kiti cha Spika kikaanza kutambulisha wageni walioko jukwaani, kama ilivyo desturi. "Yupo pia mgeni wa Mheshimiwa Twalibu, ambaye ni mchumba wake, Bi. Advera kutoka Ipole!" Dada mmoja mwenye kitenge akasimama juu kule akipunga mkono. Wabunge wakapiga meza kwa vifijo. Na Twalibu akasimama, akaweka mkono kifuani, akainama, akacheka. Alicheka meno yote nje.

"He! Mchumba?" mteja mmoja akasema. "Na huyu wetu je?"

Watu wakacheka. Tatu, shoga yake aliyemsaidia kazi, akakimbilia kuizima televisheni, lakini ya nini tena? Najiat aliwatoa wateja, akafunga duka jua likiwa utosini. Twalibu alipopiga simu, akamfungia namba. Kikao kilipoisha akaja Gongoni mwenyewe, akaambiwa Najiat yuko Kigoma kwa shangazi yake, na huko alikaa mpaka mvua zikaisha. Aliporudi, Twalibu alikuwa amechoka kugonga mlango. Kwamba yule Advera hakuolewa naye, Najiat alisikia. Akajiambia naye ameachwa vilevile, na chuki ikapata chakula kingine.

"Shoga," Tatu akamuuliza siku aliporudi na fomu, "unautaka ubunge au unataka kumkomoa mtu?"

"Nataka asimame mbele za watu achekwe, na mimi niwepo niangalie. Ubunge ni nauli tu."

"Na ukishinda?"

"Nikishinda nitajua huko mbele."

Akaingia kazini. Hakuwa na wapambe wala gari, ila alikuwa na kitu ambacho Twalibu hakukifikiria: wajumbe wa chama nao wana mabinti. Huyu alipambiwa harusi, yule alikopeshwa viti vya msibani, mwingine Najiat alikesha naye akishona pazia la ukumbi. Alipanda bodaboda kata moja hadi nyingine, akakaa jikoni kwa akina mama, akala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, akasikiliza habari za maji na bei ya tumbaku. Lililomshangaza ni kwamba alianza kuyajali yale aliyoyasikia. Lakini hilo hakumwambia hata Tatu.

Siku ya kura za maoni, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Najiat alikuwa nje chini ya turubai akinywa soda, akipanga hotuba yake kichwani, pale mzee mmoja wa kanzu na kofia ya kiua, kitambi mbele, alipojivutia kiti bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye unayemnyima usingizi Mnyamwezi wangu?"

"Na wewe ni nani?"

"Mfaume. Nilikuwa naye bungeni, jimbo langu liko kule pwani. Mimi Mzaramo, mtani wake. Babu zake walifika kwetu na meno ya tembo begani, vumbi mpaka kwenye kope. Tukawapa maji, tukawacheka. Hatujaacha kuwacheka mpaka leo." Akavua kofia, akaishika mapajani. "Na hiyo ndiyo iliyonileta, mwanangu. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Siku ile walikuja warina asali wa Ipole kulitembelea Bunge. Yule dada alikuwa kiongozi wao, mke wa mtu, ana watoto wake. Mimi nikamnong'oneza karani wa wageni kwamba ni mchumba wa Twalibu. Utani tu! Nilitaka nimwone Mnyamwezi akihangaika. Sikujua kama huku kuna mtu anaangalia."

Chupa ya soda ilibaki hewani mkononi mwa Najiat. Akaiweka chini polepole, akainuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ukumbi wa nyuma ambako wagombea walisubiri. Twalibu alikuwa amesimama peke yake akisoma hotuba yake kimoyomoyo.

"Mtani wako amenieleza. Ni kweli?"

"Kweli."

"Basi mbona hukusimama ukasema si kweli? Ulikuwa na mdomo, ulikuwa na kipaza sauti mbele yako!"

Twalibu akakunja karatasi. "Nilikuwa mgeni mle ndani, Najiat. Mtu kumkasirikia mtani wake mbele za watu ni aibu. Wote walikuwa wamenigeukia wanacheka, nikaona wamenipenda. Nikasema ngoja nicheke nao, jioni nitakueleza."

"Na mimi? Mimi pale dukani, katikati ya wateja, nicheke na nani?"

Twalibu akaitia karatasi mfukoni. Angalau hakujaribu kubuni jibu.

Mwanamke mwingine angelainika hapo. Angelia, wangekumbatiana, na mimi ningekuwa nimemaliza hadithi. Najiat hakulainika. Miaka mitano ya hasira haiyeyuki kwa soda moja ya Mzaramo. Kumbe hakuna mchumba, sawa. Lakini kicheko kilikuwepo, na kilikuwa cha Twalibu, hakuna mtani aliyemchekea.

Twalibu alihutubia kwanza, akasema vizuri, wajumbe wakapiga makofi. Kisha Najiat akapanda.

"Ndugu wajumbe, shikamooni wazee wangu."

"Marahaba!"

"Mheshimiwa amesema vizuri, au siyo? Mnajua amejifunzia wapi? Kwenye viti vyangu vya harusi!" Minong'ono ikaanza. "Alikuwa anatetemeka huyu, magoti kwa! kwa! kwa! Anavihutubia viti vitupu, anaviita ndugu wananchi. Siku moja alikisalimia kiti shikamoo! Mimi nimekaa nyuma namwambia, sikusikii baba, paza sauti. Sasa kama mlimchagua kwa ajili ya maneno yake, wajumbe wangu, mwenye maneno ni mimi!"

Ukumbi ukapasuka. Wazee walipigana mabega, akina mama walijifuta machozi kwa khanga, na mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Kiti, marahaba!" wakaanza upya. Twalibu alikuwa safu ya mbele, hana pa kujificha. Hakucheka. Hakuinuka kuondoka pia. Alikaa, ametazama mbele, masikio yamemwiva, na Najiat akauona usoni mwake uso wake mwenyewe wa siku ile dukani. Aliingoja raha aliyoitafuta muda wote huo. Ilikuja, akaionja, na ilikuwa kidogo kuliko alivyodhani.

Akaeleza yaliyobaki, maji na tumbaku, na kura zikapigwa. Alishinda kwa mbali. Twalibu akaja mbele ya wote, akampa mkono.

"Hongera, mheshimiwa mtarajiwa," akasema, na sauti ilimtetemeka kama zamani.

Najiat alirudi dukani, akakaa kati ya viti vyake, akalia mpaka Tatu akaogopa.

Uchaguzi mkuu ukapita, naye akapita. Jumamosi moja alikuwa anafunga mizigo ya Dodoma, maana siku chache mbele wabunge wapya wangekutana kumchagua Spika na kuapa, pale baiskeli ilipoegeshwa mlangoni. Twalibu akaingia, shati limelowa jasho, chaki kwenye kiganja. Alikuwa amepata darasa tena, shule moja ya binafsi.

"Una shida gani?" Najiat akamuuliza, huku anakunja gauni ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

"Nimekuja kuuliza kama tumelingana."

"Wewe ulicheka. Mimi nikawachekesha watu. Tumelingana."

"Basi nataka kuleta wazee wangu."

Gauni likamponyoka. "Leo? Ninaondoka, Twalibu! Ungenioa wakati ule, wangesema nimefuata cheo. Ukinioa sasa watasema wewe ndiye umefuata cheo."

"Waseme."

"Watakucheka sokoni. Watasema kanyang'anywa kiti na mwanamke, kisha kaenda kumpigia magoti."

"Najiat." Akaketi kwenye kiti kimoja chenye kitambaa cheupe, akafuta jasho kwa kiganja, chaki ikambaki kwenye paji la uso. "Mimi nimeshachekwa na jimbo zima. Amebaki nani wa kuniogopesha? Ningekuwa sijaogopa kuchekwa siku ile, sasa hivi tungekuwa na watoto."

Najiat alitaka kusema neno kali. Alilitafuta, na yeye si mtu wa kukosa maneno, lakini halikupatikana. Nilisema tangu mwanzo kwamba alimpenda. Akachukua ncha ya mtandio wake, akaenda kumfuta ile chaki, na akachukua muda mrefu kuifuta kuliko chaki yenyewe ilivyohitaji.

"Nitakuwa nakaa Dodoma," akasema taratibu. "Vikao vikianza siji wiki na wiki. Utaweza kungoja, wewe?"

"Nitakupigia kila jioni. Ila upokee."

"Nitapokea."

Tatu, aliyekuwa nyuma ya pazia akijifanya anahesabu maua, alianza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Lete wazee wako kesho," Najiat akasema. "Mapema, kabla sijabadilika. Na huyo Mzaramo wako asije akafungua mdomo. Akija, atakaa nje na viatu."