Mtihani Aliojiandikisha kwa Siri

Duka la mitambo iliyotumika lilikuwa limejaa watu hadi mlangoni. Kila mmoja alitaka kuhudumiwa kwanza, na muuzaji alikwishaacha hata kuitikia salamu. Juu ya kaunta ilibaki ruta moja tu ya kuunganishia mitandao iliyofaa kwa mazoezi. Mikono miwili ikaidaka kwa pamoja.

"Samahani, kaka, mimi nimeiona kwanza," alisema msichana. Alikuwa mfupi, kavaa gauni la bluu na raba nyeupe, nywele kazibana kisogoni kwa kalamu.

"Kuona umeona, lakini mkono uliofika ni wangu," alijibu kijana akicheka. Alikuwa mrefu kiasi kwamba mikono ya shati lake la mistari iliishia juu ya viwiko.

"Unaitakia nini?"

"Najiandaa kwa cheti cha juu cha mitandao. Sijaamua kipi tu. Wewe?"

"Mimi nimeshaamua. Mitandao mikubwa. Niachie, tafadhali."

"Tuichangie, tusome pamoja. Ukinichoka, unabaki nayo."

Msichana alitaka kukataa. Badala yake akacheka.

Yeye ndiye aliyeangalia mtandao wa hospitali kubwa, na kazini walimwita Kiberiti kwa jinsi alivyowaka upesi. Kijana, ambaye wenzake walimwita Mrefu, alilinda mitambo ya kampuni ya simu dhidi ya wadukuzi. Ikawa kila jioni wakitoka kazini wanakutana nyumbani kwa mama yake Kiberiti. Meza ya chakula ikageuka karakana, nyaya zikaning'inia hadi sakafuni, na mama akawa anakula sahani ikiwa mapajani.

"Nichagulie basi," Mrefu alimwambia jioni moja. "Mitandao mikubwa kama wewe, au usalama?"

"Ukizungumzia wadukuzi, macho yanakuwaka. Ukigusa njia za data, unapiga miayo. Chagua usalama, mpenzi."

Neno lile la mwisho lilimponyoka. Wote wawili wakainamia ruta kama vile ndiyo iliyolisema.

Lakini kadiri mtihani ulivyokaribia, Kiberiti alizidi kukonda. Mtihani wenyewe ulikuwa wa vitendo, wa kutwa nzima: unapewa mtandao ulioharibiwa makusudi, uufufue. Alishaujaribu mara moja. Mikono ilimtetemeka hadi akashindwa kuandika amri moja kwenye kompyuta, akainuka na kutoka kabla ya muda.

"Naogopa, Mrefu. Si maswali. Naogopa kile chumba. Unakaa peke yako kama uko mahabusu."

Kijana alimshika mkono.

Siku chache baadaye hospitali ikatangaza nafasi ya mkuu wa mtandao. Sharti lilikuwa ni cheti kilekile.

"Hata mtu wa nje anaweza kuomba?" Mrefu aliuliza.

"Yeyote. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Kesho yake Kiberiti alipiga simu kwenye kituo cha mtihani kuhakikisha jina lake limo.

"Limo, dada," karani akamjibu kwa furaha. "Siku hiyo mko wawili. Wewe na yule mrefu uliyekuja naye kuulizia."

"Huyo anafanya wa usalama."

"Hapana, dada. Kajiandikisha wa kwako."

Kiberiti akakata simu. Akajumlisha: maswali yake yote, jioni zote zile, ile nafasi. Kumbe amekuwa akimfundisha mtu atakayemnyang'anya kazi! Mrefu alipopiga simu, hakupokea. Alipokuja nyumbani, alijifungia chumbani.

"Mtoto wa watu kakaa sebuleni tangu saa ile," mama alimnong'oneza mlangoni. "Msikilize hata kidogo."

"Mwambie nasoma, mama."

Hakuwa anasoma. Alikuwa akitazama ukurasa uleule, herufi zikimchezea kwa machozi.

Siku ya mtihani walipishana ukumbini bila salamu. Mrefu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vibaya. Mle ndani mlikuwa na baridi, mashine zikinguruma kwa chini. Haikuchukua muda mikono ya Kiberiti ikaanza kutetemeka. Akakosea amri, akarudia, akakosea tena. Moyo ulimwambia: inuka, toka.

Akageuka kuutafuta mlango, akakutana na macho ya Mrefu. Skrini yake ilijaa makosa mekundu. Wala haitazami. Anamtazama yeye.

Wakati wa mapumziko Kiberiti alimfuata kwenye korido.

"Hujui kitu kwenye ule mtihani!"

"Najua. Nimepotea tangu swali la kwanza."

"Sasa umekuja kufanya nini? Si unaitaka nafasi ya hospitali?"

"Nafasi gani? Niliuliza nijue utashindana na nani." Akameza mate. "Ulisema chumba kile unakaa peke yako. Nilitaka ukigeuka, unione."

Hasira za Kiberiti zilikuwepo bado, ila hakujua tena pa kuzipeleka.

"Mjinga wewe," alisema. "Mjinga mkubwa. Ungeniambia!"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo!"

Akafuta macho kwa kiganja, akarudi ndani. Mikono ilitetemeka bado, lakini hakuinuka hadi walipoambiwa muda umekwisha.

Kusubiri matokeo kulimnyima usingizi na hamu ya kula. Yalipofika, alipiga simu kabla hata hajavaa viatu.

"Nimefaulu, Mrefu! Wewe?"

"Nimeanguka vibaya sana. Nahisi nimeweka rekodi."

"Wiki hii unajiandikisha wa usalama. Mimi nitakusubiri nje."

"Nje? Huingii na mimi?"

"Nakupenda, lakini mwehu mmoja anatosha." Akakaa kitandani, viatu mkononi. "Mrefu... watu wa kwenu wanakuja lini nyumbani?"

Akasubiri, kidole kikizungusha kifungo cha gauni.

"Mrefu? Nimekosea kuuliza?"

Sauti iliyojibu ilikuwa ya shangazi aliyemlea kijana. "Mwanangu, huyu hapa ameshindwa kusema, analia tu. Umemwambia nini?"

"Nimemuuliza mnakuja lini, shangazi."

"Lo! Mwambie mama yako aondoe nyaya mezani. Tunakuja."